Dawa nayo ipigwe bambo kabla ya kununua hisa

Mfanyabiashara wa nafaka anayepokea mzigo katika soko la Tandale, Dar es Salaam, hatoi fedha kwa kutazama gunia kwa nje. Huchukua bambo, kile chuma chenye mfereji, akalitoboa gunia juu, katikati na chini, akamwaga punje kiganjani na kuzikagua. Akikuta mchanga au wadudu, bei inashuka au mzigo unarudi ulikotoka. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na hakuna anayelalamika kuwa ni kupoteza muda.

Katika biashara ya hisa za makampuni ya dawa, hata hivyo, mambo huenda kinyume. Habari ikitoka asubuhi kwamba dawa fulani imeonyesha matumaini kwa ugonjwa usio na tiba, bei ya hisa huanza kupanda kabla ya saa sita mchana. Wengi wanaonunua hawajui dawa hiyo imejaribiwa kwa wagonjwa wangapi, kwa muda gani, wala imelinganishwa na nini. Wanauziwa mbuzi kwenye gunia, na wanaoumia zaidi ni wawekezaji wadogo wadogo, ambao mara nyingi hununua wakati wakubwa wanauza.

Upo mfano mmoja unaostahili kufunguliwa na kukaguliwa na kila mwenye fedha za akiba. Ni historia ya kuzijaribu dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, yaani ARV, kama tiba ya ugonjwa wa neva za mwendo, unaojulikana Uingereza na Australia kwa herufi MND na Marekani kwa herufi ALS. Historia hiyo inaonyesha kwamba kipimo chenye thamani kubwa kuliko vyote kinaweza kuwa kile ambacho hakuna tajiri aliyekuwa tayari kukilipia.

Ugonjwa usiosubiri

MND hushambulia neva zinazopeleka amri za ubongo kwenye misuli. Mtu huanza kwa kudondosha kikombe, au kujikwaa mahali palipo sawa, au ulimi kuwa mzito. Baadaye mikono na miguu hulegea, kumeza kunakuwa shida, na mwishowe misuli ya kupumua hushindwa. Kwa wagonjwa wengi akili hubaki timamu hadi mwisho, nao huyashuhudia yote hayo. Daktari wa Ufaransa, Jean-Martin Charcot, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1869.

Wengi hufariki kati ya miaka miwili na mitano tangu dalili za kwanza. Mwanafizikia Stephen Hawking, aliyegunduliwa kuwa nao mwaka 1963 na kuishi hadi mwaka 2018, hakuwa mfano wa kawaida.

Dawa zilizopo ni chache. Riluzole iliidhinishwa Marekani Desemba 1995, na katika majaribio ilirefusha maisha kwa miezi miwili hadi mitatu hivi. Edaravone ilifuata mwaka 2017. Tofersen, iliyoidhinishwa mwaka 2023, inawahusu tu wagonjwa wenye kasoro katika jeni moja iitwayo SOD1, ambao ni takriban asilimia mbili ya wagonjwa wote.

Hali hiyo ndiyo inayolifanya soko la dawa za MND kuwa kavu kama nyasi za kiangazi. Cheche kidogo tu inatosha. Mgonjwa hana muda wa kusubiri, familia yake iko tayari kuuza nyumba, na mwenye hisa anajua kwamba atakayepata dawa ya kweli atatajirika. Penye uhitaji wa namna hiyo ndipo bambo linapohitajika zaidi.

Kwa nini ARV?

Wazo la kutumia dawa za virusi halikuokotwa njiani. Madaktari walikuwa wameshuku virusi kwa miaka mingi, kwa sababu polio, ambao ni ugonjwa wa virusi, hushambulia neva zile zile. Mwaka 2001 madaktari wa Ufaransa na Marekani walitoa taarifa za watu wachache wenye Virusi vya UKIMWI waliopata dalili zinazofanana na za MND, na baadhi yao wakapata nafuu walipotumia ARV. Aidha, katika miaka iliyofuata watafiti waliripoti kuona, katika damu ya baadhi ya wagonjwa wa MND wasio na Virusi vya UKIMWI, kazi ya kimeng'enya kinachotumiwa na virusi vya jamii hiyo kujizalisha.

Maelezo yaliyotolewa yalikuwa ya kuvutia. Takriban asilimia nane ya chembe za urithi za binadamu ni masalia ya virusi vilivyowaingia mababu wa kale, mamilioni ya miaka iliyopita, vikabaki humo na kurithishwa kizazi hadi kizazi. Karibu vyote vimelala. Kundi moja, lililopewa jina la HERV-K, ni miongoni mwa yale machanga zaidi. Mwaka 2015 timu ya Dk. Avindra Nath, wa taasisi za taifa za afya za Marekani, ilitangaza kwamba imeona dalili za HERV-K kuamka katika ubongo wa watu waliofariki kwa MND, na kwamba panya waliowekewa kipande cha virusi hivyo walipata maradhi ya neva za mwendo.

Ikiwa virusi vimeamka, dawa zinazovizuia virusi vya jamii hiyo zipo tayari madukani. Hapo ndipo ARV zilipoingia katika hesabu.

Hata hivyo, upande wa pili wa daftari nao ulikuwa na maandishi. Jaribio dogo la indinavir, moja ya ARV za zamani, lililotolewa taarifa mwaka 2005, halikuonyesha faida kwa wagonjwa wa MND. Vile vile, kati ya mwaka 2018 na 2019, vikundi vingine vya watafiti vilipima ubongo wa wagonjwa na wa watu wasio na ugonjwa, vikasema havioni tofauti ya HERV-K kati yao. Kwa lugha ya sokoni, wakaguzi wawili walipita kwenye ghala moja na kutoka na hesabu mbili.

Jaribio la Australia

Australia ndiko jaribio la kwanza la mseto mpya lilikofanyika. Liliitwa Lighthouse, na likaongozwa na Dk. Julian Gold, mtu mwenye uzoefu wa muda mrefu wa kutibu UKIMWI. Dawa iliyotumika ni Triumeq, kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani yake: abacavir, lamivudine na dolutegravir. Kidonge hicho ni mali ya ViiV Healthcare, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2009 na GlaxoSmithKline pamoja na Pfizer, na kiliidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa ajili ya Virusi vya UKIMWI.

Wagonjwa 40 waliangaliwa kwanza kwa wiki kumi bila dawa, kisha wakapewa Triumeq kwa wiki 24. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2019 ilisema dawa ilivumilika vizuri, na kwamba kasi ya kudhoofika ilionekana kupungua.

Mwenye haraka angeishia hapo na kuanza kupiga simu kwa wakala wake wa hisa. Lakini jaribio hilo halikuwa na kundi la kulinganisha. Wote walipewa dawa, na wote walijua wamepewa dawa. MND haina mwendo mmoja. Kuna wanaokwenda kwa kasi, kuna wanaotulia kwa miezi kadhaa bila sababu inayojulikana. Katika watu 40 tu, utulivu wa namna hiyo unaweza kuonekana kama kazi ya dawa. Watafiti wenyewe walilisema hilo. Jaribio lilikuwa la kuangalia usalama, na lilionyesha kwamba inafaa kupima zaidi. Halikuwa na uwezo wa kuonyesha zaidi ya hapo.

Hesabu za tajiri

Swali la kibiashara linaanzia hapa. Nani alipe ili jaribio kubwa lifanyike?

Utaratibu wa kawaida ni kwamba kampuni yenye hataza, yaani haki ya peke yake ya kutengeneza na kuuza, hugharimia majaribio na kurudisha fedha zake kwa bei. Lakini lamivudine ilianza kuuzwa mwaka 1995 na abacavir mwaka 1998. Zote ni dawa kongwe. Dolutegravir ni ngeni zaidi, ila tangu mwaka 2014 ViiV iliruhusu, kupitia mfuko wa hataza za dawa wenye makao yake Geneva, watengenezaji wengine waitengeneze kwa bei nafuu kwa ajili ya nchi maskini. Matokeo yake yanafahamika katika kila kliniki ya Afrika Mashariki. Mwaka 2017 mseto wa tenofovir, lamivudine na dolutegravir ulitangazwa kwa bei ya dola 75 hivi kwa mtu mmoja kwa mwaka, na mwaka 2023 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ukatangaza bei iliyo chini ya dola 45.

Tuseme kwamba mseto unaokaribiana na huo ungethibitika kutibu MND. Chukua nchi yenye watu milioni 60, kama Tanzania. Hata ukitumia kiwango kinachoonekana Ulaya, cha wagonjwa wapya wawili kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, unapata wagonjwa wapya 1,200. Kila mmoja akiishi miaka mitatu, kwa wakati mmoja kutakuwa na wagonjwa 3,600. Zidisha kwa dola 45. Soko la nchi nzima ni dola 162,000 kwa mwaka. Fedha hizo ni za kuendeshea duka la jumla. Haziwezi kurudisha gharama za jaribio la mamia ya wagonjwa katika nchi kadhaa.

Hesabu hiyo inamhusu pia mwekezaji wa huku nyumbani. Mjini Kampala, katika eneo la Luzira, kipo kiwanda cha Quality Chemical Industries kinachotengeneza ARV na dawa za malaria. Hisa zake ziliingia soko la Uganda mwaka 2018 kwa bei ya shilingi 256.50 za Uganda. Mtu akisikia kwamba ARV zimepata kazi mpya anaweza kudhani kwamba kiwanda cha namna hiyo kitanufaika. Lakini Mashariki na Kusini mwa Afrika wako watu takriban milioni 20 wanaoishi na Virusi vya UKIMWI. Ukiongeza wagonjwa elfu chache wa MND kwenye idadi hiyo, umeongeza kikombe cha maji kwenye tangi. Kiwanda kama hicho huishi kwa zabuni za serikali na za wafadhili, na anayetaka kujua thamani ya hisa zake achunguze zabuni hizo na aachane na habari za maabara.

Kwa hiyo tajiri hakujitokeza kwa sababu hesabu zake zilimkatalia. Hapakuwa na njama.

Upande mwingine wa mtaa

Linganisha na yaliyotokea Marekani kwa wakati ule ule. Kampuni ya Amylyx, ya Cambridge katika jimbo la Massachusetts, ilianzishwa mwaka 2013 na vijana wawili waliosoma pamoja Chuo Kikuu cha Brown, Joshua Cohen na Justin Klee. Walichanganya vitu viwili ambavyo havikuwa vigeni: sodium phenylbutyrate, iliyokuwa ikitumika kwa maradhi mengine, na taurursodiol, iliyokuwa ikiuzwa kama kirutubisho. Tofauti na ARV, mchanganyiko huo ulikuwa na mwenyewe.

Jaribio lao la kwanza lilikuwa na wagonjwa 137 na lilidumu wiki 24. Lilikuwa na kundi la kulinganisha, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha nafuu ndogo. Januari 2022 hisa ziliuzwa kwa umma kwa dola 19 kila moja, zikaingiza dola milioni 190. Machi mwaka huo washauri wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, walipiga kura 6 kwa 4 kwamba ushahidi hautoshi. Septemba wakakutana tena, na safari hii kura zikawa 7 kwa 2 kuiunga mkono. Katika kikao hicho kampuni iliahidi kuiondoa dawa sokoni ikiwa jaribio kubwa lililokuwa likiendelea litashindwa. Dawa ikaidhinishwa mwezi huo huo kwa jina la Relyvrio, kwa bei ya takriban dola 158,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka.

Msomaji na arudie hesabu ya hapo juu. Gharama ya mgonjwa mmoja wa Marekani kwa mwaka mmoja ilikaribia gharama ya ARV kwa wagonjwa wote wa nchi ya watu milioni 60. Mwaka 2023 Amylyx iliuza dawa ya dola milioni 380 hivi.

Tarehe 8 Machi 2024 matokeo ya jaribio kubwa yalitoka. Wagonjwa 664 walikuwa wamefuatiliwa kwa wiki 48, na hapakuwa na tofauti kati ya waliokunywa dawa na waliokunywa dawa tupu. Siku hiyo hisa zilianguka kwa zaidi ya asilimia 80. Aprili kampuni ilitangaza kuiondoa dawa sokoni na kupunguza wafanyakazi kwa asilimia 70 hivi.

Haki itendeke: kampuni ilitimiza ahadi yake, na si wengi wangefanya hivyo. Lakini aliyenunua hisa kwa nguvu ya watu 137 alijifunza jioni kile ambacho angeweza kukipima asubuhi. Gunia lilikuwa limetobolewa juu tu.

Nani basi alilipa?

Kwa upande wa ARV, waliojitokeza walikuwa wafadhili wa hisani, na kampuni yenye dawa ikatoa vidonge. Miongoni mwa wafadhili hao ni FightMND ya Australia, iliyoanzishwa na mchezaji na kocha wa zamani wa mpira wa Kiaustralia, Neale Daniher, pamoja na wenzake, baada ya yeye mwenyewe kuambiwa mwaka 2013 kuwa ana ugonjwa huo. Taasisi hiyo inafahamika kwa kuuza kofia za sufi za kujikinga na baridi kila mwaka katika msimu wa mpira. Mtu ananunua kofia, na senti za kofia zinakwenda kupima kidonge.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Lighthouse II, jaribio la awamu ya tatu, chini ya Profesa Ammar Al-Chalabi wa King's College London. Lilianza kuandikisha wagonjwa mwaka 2022 katika nchi kadhaa za Ulaya na Australia, kwa lengo la wagonjwa 390. Kati ya kila watatu, wawili walipewa Triumeq na mmoja kidonge tupu, kwa hadi miezi 24, bila mgonjwa wala daktari wake kujua nani anakunywa nini. Kipimo kikuu kilikuwa kigumu kukipamba: nani bado yu hai?

Inafaa kuangalia kilicholipwa hapo mbali na fedha. Mtu mwenye ugonjwa unaoua katika miaka miwili hadi mitano alikubali kutumia hadi miwili kati ya hiyo akijua kwamba huenda anakunywa unga usio na kitu. Hakuna mwenye hisa aliyewahi kuwekeza mtaji wa namna hiyo.

Jaribio halikufika mwisho uliopangwa. Kamati huru inayokagua takwimu iliona kwamba dawa haionyeshi faida kwa uhai wa wagonjwa na kwamba kuendelea hakutabadilisha jibu, nalo likasitishwa. Kidonge kilichoonekana kupunguza kasi ya ugonjwa kwa watu 40 hakikuonyesha faida kilipowekewa kundi la kulinganisha.

Jibu la "hapana" lina thamani

Wapo watakaosema fedha na miaka vimepotea. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa kuwa dalili za mashaka zilikuwapo kabla ya jaribio kuanza. Fedha hizo hizo zingeweza kupima dawa nyingine, na wagonjwa hao hao wangeweza kuingia katika jaribio jingine.

Hata hivyo, hesabu haiwi kamili bila kuweka upande wa pili. Bila jaribio hilo, wazo la ARV lisingekufa, lingebaki uvumi. Vidonge vya jamii hiyo viko katika kliniki kila mahali kuanzia Mombasa hadi Mbarara. Familia yenye mgonjwa wa MND ingesikia habari za Australia, ingetafuta njia ya kuvipata, na mwenye tamaa angejitokeza kuwauzia. Abacavir, mojawapo ya dawa tatu katika Triumeq, inaweza kusababisha mzio wa hatari kwa watu wenye alama fulani katika jeni zao, na ndiyo sababu madaktari hutakiwa kuwapima kwanza. Aidha, kila kopo linalochepushwa kutoka kliniki limeporwa kwa mtu mwenye Virusi vya UKIMWI, ambaye kwake kidonge hicho kina faida iliyothibitishwa.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake. Mwaka 1990 jijini Nairobi, Rais Daniel arap Moi alizindua Kemron, interferoni ya kiwango kidogo ya kuyeyusha mdomoni, iliyotokana na kazi ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI. Ilitangazwa kwa shangwe kama jibu la UKIMWI, kwa nguvu ya taarifa za wagonjwa ambao hawakulinganishwa na kundi jingine. Watu walisafiri kutoka mbali kuifuata. Baadaye majaribio yenye kundi la kulinganisha, likiwamo lililofanyika Uganda, hayakuona faida yake. Shangwe ilitangulia na kipimo kikafuata, na katikati yake watu walitumia akiba zao na muda waliobakiwa nao. Lighthouse II iliupanga mstari huo inavyopaswa: kipimo kwanza.

Ndiyo maana jibu la "hapana" lihesabiwe kuwa mali. Linafunga mlango wa hasara. Linamwambia mgonjwa asiuze shamba, linamwambia mwekezaji asinunue uvumi, na linamwelekeza mtafiti chumba kingine. Kasoro ni kwamba mali hiyo haina bei sokoni, kwa hiyo soko peke yake halitaizalisha. Serikali, mifuko ya hisani na mashirika ya utafiti ndiyo yanayopaswa kulipia majaribio ya dawa kongwe zisizo na mwenyewe. Anayeamini kwamba soko huru litayapima yote aeleze ni nani angelipia Lighthouse II kwa kutarajia gawio.

Maswali manne ya kuuliza

Kwa mwenye akiba ndogo anayefikiria kununua hisa za kampuni ya dawa, iwe Nairobi, Kampala au kwa wakala wa New York, maswali manne yanatosha kumwokoa na hasara nyingi.

Kwanza, dawa imejaribiwa kwa watu wangapi? Arobaini ni mwanzo wa mazungumzo. Hata 137 walionekana wengi mpaka walipokuja 664.

Pili, kulikuwa na kundi lililokunywa dawa tupu, na je, daktari alijua nani ni nani? Kama hapakuwa na kundi hilo, kinachouzwa ni matumaini, na matumaini hayana bei ya kufungia soko.

Tatu, nani mwenye hataza? Dawa inaweza kufanya kazi vizuri kabisa na bado isimpe mwenye hisa hata senti. Faida ya mgonjwa na faida ya mwekezaji ni hesabu mbili, na ni kosa kubwa kuziandika katika safu moja.

Nne, kampuni ina fedha za kuifikisha hadi jibu la mwisho? Kampuni yenye dawa moja tu na jaribio moja tu linalosubiriwa ina mguu mmoja. Fedha za ada za shule hazistahili kusimama juu ya mguu huo.

Wagonjwa wa MND bado wanasubiri dawa, na mawazo mapya yatakuja, mengine yakiwa na mvuto kuliko ARV. Kila moja litafika sokoni ndani ya gunia zuri lenye maandishi makubwa. Mfanyabiashara wa Tandale hana digrii ya udaktari, lakini anajua la kufanya gunia likishuka kwenye lori. Mwenye kununua hisa anaweza kuanzia hapo hapo.